Tanga la Hedley na Sakafu ya Kanisa

Zamani ukumbi wa shule ya Jumapili wa kanisa letu ulijaa watoto kila wiki na tanga kila Agosti. Siku hizi una mabafu matatu, na watu wanalipa kulala mahali ambapo sisi tulifundishwa kuogopa jehanamu bure.

Naanza na ukumbi huo kwa sababu bila sakafu hakuna tanga. Wanaokuja kupiga picha mashua zetu mtoni Fal, mbali magharibi ya London, nadhani huamini kwamba tanga hushonwa hewani. Tanga la mashua ya chaza likitandazwa lilikuwa kubwa kuliko sebule na jiko la Hedley Vinnicombe kwa pamoja, na ukitaka kulitengeneza sharti ulilaze lote chini, ulinyooshe, kisha utambae juu yake kwa magoti. Kijijini kwetu palikuwa na sakafu moja tu ya namna hiyo, na Mungu alikuwa akituazima.

Hedley alikuwa mvuvi wa chaza, kama baba yake. Mtoni kwetu sheria haitaki injini katika kazi hiyo: utakokota wavu wako wa chuma kwa tanga au kwa makasia, tangu Oktoba mpaka mwisho wa Machi. Sheria hiyo ndiyo iliyowahifadhi chaza na kuwamaliza migongo wanaowavua. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, shingo nene, mtu wa kujibu swali baada ya siku mbili. Mkewe, Loveday, alikuwa na sitini na minane na alijibu kabla hujauliza.

Baba yake Loveday ndiye aliyekuwa mshona matanga wetu wa mwisho. Alilikata tanga la Hedley mwaka uleule aliofunga karakana yake, kwa pamba nzito, na kabla ya kufa alikuwa amemfundisha bintiye kila kitu alichokijua. Wavuvi wengine walikwisha kuhamia kwenye nguo ya plastiki iliyotiwa rangi ya udongo mwekundu ili ifanane na pamba ya zamani. Hedley alibaki na pamba yenyewe. Nilimsikia mama mmoja wa likizo pale gatini akimwambia mumewe kwamba lile la Vinnicombe halionekani la asili.

Mwisho wa Machi, siku ya upepo wa vishindo, tanga hilo lilipasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Hedley akapiga makasia dhidi ya maji ya kupwa, na njia ya nusu saa ikamchukua saa tatu. Loveday alisimama gatini saa zote tatu. Mimi nilikuwa kwenye benchi pale, nikamwambia akae. Hakukaa. Mumewe alipofika, Loveday alimtazama, akachukua kapu la chaza, akatangulia nyumbani. 

Tulimpelekea tanga mshonaji wa mjini Penryn, mimi nikiwa nimeshika upande mmoja wa furushi. Ni mtu mstaarabu, ana mashine inayokata nguo kwa mwanga. Alibonyeza pamba kwa kidole gumba, na kidole kikatokea upande wa pili. Akakichomoa kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu.

"Bwana Vinnicombe," akauliza, "unataka likupe misimu mingapi?"

Hedley akasema yeye aliuliza habari za tanga. Mshonaji akaeleza kwamba ndiyo hiyo hiyo habari. Jipya lingekaa miaka kumi na mitano, pengine ishirini. La zamani likiondolewa mapande yote ya chini na ya ukingoni, likashonwa upya kwa mkono, lingekaa misimu mitatu au minne. Ila yeye hangeshona. Hakuwa na mtu wa kushona pamba, na hakutaka jina lake lifuatane na nguo iliyokufa.

"Ishirini," Hedley alisema. "Sasa mwanangu, unaniuzia tanga au unanitakia heri ya siku ya kuzaliwa?"

Njiani kurudi nilijua anapiga hesabu ambayo haikuwa ya pesa. Kununua jipya ni kutangaza mbele ya mto mzima kwamba utakuwa unakokota chuma ukiwa na miaka tisini na mmoja. Kukarabati ni kutaja kwa kinywa chako mwaka utakaoacha. Hapo ndipo wengi wetu wanaume wa huku tunapokwama. Tunaweza kuamua kufa; kuamua kustaafu kunatushinda.

Lililonishangaza ni Loveday. Mwanamke aliyekuwa akitengeneza gauni lilelile la Pasaka kwa miaka kumi na mmoja alianza kulisifu tanga jipya dukani, posta, na kwa mchungaji aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi. Lina nguvu, lepesi, halioti ukungu. Hedley akisikia hayo aliinamisha kichwa kama ng'ombe kwenye mvua. Siku moja nilimkuta Loveday akichuma maharagwe bustanini, nikamwuliza tangu lini amekuwa wakala wa plastiki.

"Wewe kijana ni mjinga," alisema. Huku tunaitana vijana mpaka kaburini. "Nikimwambia aache, atakwenda mpaka afie mtoni. Nikimwambia anunue, atakataa. Halafu la zamani litakarabatiwa wapi? Kanisa limeuzwa. Basi atakaa nyumbani, na atadhani kaamua yeye."

"Na wewe utapata nini?"

"Mume mwenye hasira jikoni. Nitamvumilia. Wa majini siwezi kumvumilia tena."

Nilikubali kwamba ni mpango mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu, nayo iliitwa Crispin Hale.

Huyu ndiye aliyelinunua kanisa letu. Alitoka London, mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililokuwa tabu yake. Kanisa lenyewe alilifanya vyumba vya kupangisha. Ukumbi wa shule ya Jumapili aliuwekea mabafu upande mmoja, na sehemu kubwa iliyobaki akaiacha tupu, ya wageni kutafakari. Mlango aliupaka kijivu. Hedley alikuwa ameapa miaka miwili iliyopita kwamba hatapita tena mbele ya mlango ule, akazunguka kijiji kizima kila alipokwenda kununua tumbaku.

Bwana Hale alizisikia habari za tanga kwenye baa, siku ya mashindano ya mashua, mwishoni mwa Julai, Hedley na mkewe wakiwa wameketi. Alikuja na glasi yake, akaomba radhi kwa kuingilia, akasema amesikia zamani matanga yalitengenezwa palepale ukumbini kwake, na kwamba itakuwa heshima kubwa kwake kama watakubali kuutumia, Agosti yote wakitaka, bila malipo yoyote. Baa nzima ikageuka ili imsikie Hedley akimtukana.

Hedley alifikiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijibu swali siku hiyohiyo.

"Tutaanza Jumatatu," alisema.

Nilimtazama Loveday. Alikuwa ameshika kipande cha mkate wa zafarani karibu na mdomo, akakirudisha kwenye sahani. Watu wanne walimpigapiga Bwana Hale mgongoni kumpongeza, mmoja akamnunulia bia, ya kwanza kununuliwa na mtu wa kijiji tangu ahamie. Aliondoka akiwa ameona haya kwa furaha. Miezi minne ya kazi ya mwanamke mwenye akili ilikuwa imeangushwa na fadhila za dakika moja.

Jumatatu tuliambiwa tuvue viatu mlangoni. Tulipokuwa watoto tuliingia humo na mabuti ya tope, na mwalimu wetu akahangaikia zaidi roho zetu. Tulilitandaza tanga, tukalivuta pembe, na Loveday akavaa kile kigozi cha kiganjani alichoachiwa na baba yake, kile cha kusukumia sindano. Alikuwa mshonaji pekee. Mimi na Hedley tulifumua mishono ya zamani na kupaka nta kwenye uzi. Nguo mpya ilikuwa nyeupe, maana pipa kubwa la chuma tulilokuwa tukichemshia magome ya kutilia rangi limepandwa maua nje ya baa, na yanamwagiliwa vizuri.

Wageni wa Bwana Hale walikuja kutazama kila alasiri na bilauri zao. Binti mmoja mwenye mkeka wa mazoezi chini ya kwapa alichuchumaa karibu na Loveday, akamwuliza kwa sauti laini kama kushona hivi humtuliza nafsi.

"Hapana, mwanangu," Loveday alisema. "Hunitia hamu ya kumpiga mtu. Na wewe umeukanyaga uzi."

Mimi nilikuwa nikingoja. Mikono ya Loveday ilikuwa imevimba viungo, na jicho la kushoto lilikwisha kufifia. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeinuka siku ya tatu na kusema imeshindikana. Hata hilo lisingehitajika. Ilitosha alegeze kidogo, mshono mmoja hapa na mwingine pale, na yule wa Penryn akiletwa kulikagua angetikisa kichwa, na tanga lisingefika Oktoba. Nilidhani ndivyo atakavyofanya, na sikuona ubaya.

Siku ya sita alifumua kazi yote ya siku ya tano. Mshono ulikuwa umepinda upana wa unywele, na mimi nilikuwa siuoni hata nikionyeshwa. Hedley alikuwa ametoka kuvuta mtemba wake. Nikamwambia Loveday kwa sauti ya chini kwamba si lazima. Angeweza kuuacha vile, na pengine ndio ungekuwa msaada wake.

Hakuniangalia. Aliukata uzi kwa meno.

"Nimshonee kaburi?" alisema. "Nilitaka asiende. Lakini kama anakwenda, haendi na mshono mbovu wa mkono wangu. Nipe nta."

Basi alishona. Kila siku alizidi kumrudisha mumewe mtoni, kwa mishono midogo, iliyosawazika, ambayo baba yake angejivunia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeosha maiti. Ilichukua siku kumi na sita. Alipofunga fundo la mwisho, Hedley alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya mshono mrefu wa ukingoni, kuanzia chini mpaka juu, polepole. Aliuliza lile swali la Penryn.

"Misimu mingapi hapo?"

"Minne," Loveday alisema. "Na yote minne nitakuwamo."

"Kuwamo wapi?"

"Kwenye mashua. Utahitaji mtu wa kuchambua chaza wakati unakokota. Mgongo wako umekwisha, Vinnicombe, na wewe tu ndiye hujaambiwa."

Hedley alisema mashua si mahali pa bibi wa miaka sitini na minane, kwamba kuna baridi, kwamba watu watacheka. Loveday alijibu kwamba tanga sasa ni lake zaidi kuliko la mwenziwe, Hedley amebaki na kamba tu, na kama hataki abiria basi afumue nguo yote aliyoishona mkewe, aondoke na mlingoti mtupu. Hedley alinitazama mimi nimsaidie. Nilikuwa natafuta viatu vyangu.

Oktoba mosi Bwana Hale alileta watu thelathini gatini, na chombo kidogo kinachoruka cha kupiga picha kikawa kinavuma juu ya mlingoti kama nzi wa nyama. Tanga lilipanda, nusu kahawia na nusu jeupe, kama ng'ombe. Mmoja wa wageni aliuliza kwa nini hawakununua jipya, wangependeza zaidi. Loveday alikuwa ameketi katikati ya mashua, amevaa koti la mvua la mumewe, anamkaripia kuhusu kamba.

Mara ya mwisho niliwaona Februari ya mwaka uliofuata. Binti yangu alikuwa amekuja kunichukua nikaishi kwake mjini Truro, kwa sababu ngazi za nyumba yangu zilikishinda kifua changu, na nilimwomba asimamishe gari pale barabara inapoukaribia mto. Alisimama bila kuzima injini. Kulikuwa na mvua iliyochanganyika na theluji. Mashua yao ilikuwa inateleza kiubavu juu ya fungu la chaza, tanga limejaa upepo kiasi kile tu kinachotakiwa. Hedley alikuwa anavuta wavu, mkono baada ya mkono, na Loveday amesimama kwenye ubao wa kuchambulia, anarudisha chaza wadogo majini bila kutazama wanakoangukia. Alikuwa anaongea. Kwa umbali ule sikusikia kitu, lakini niliona Hedley akiacha kuvuta, akigeuka, akimjibu papo hapo.

"Baba, tunachelewa," binti yangu alisema, akaingiza gia.