Siku Benchi Letu Lilipokamatwa

Wakati wa vita, wakubwa wa Kalemie walikunywa bia baridi kwenye terasi inayotazama ziwa, karibu na jenereta iliyonguruma hata mtu asimsikie mwenzake. Pengine ndiyo maana walielewana sana. Sisi wengine tulikuwa na nganda, kilabu cha pombe cha Mama mmoja mjane, nyuma ya stesheni: ukuta wa matofali mabichi, mabati yenye matundu ya risasi, vikombe vitano vya plastiki. Ukitaka lutuku, pombe yake kali ya mahindi na mihogo, unaosha kikombe mwenyewe. Ukimaliza, unaosha tena.

Mimi nilikuwa karani wa reli isiyo na treni. Kila asubuhi nilifika biro, yaani ofisini, nikafungua daftari, nikaandika "Hakuna", nikafunga. Saa nane mchana nilikuwa kwa Mama, nimeketi kati ya watu wawili. Mmoja alikuwa prefe, mkuu wa shule ya sekondari; nusu ya wanafunzi wake walikuwa wamekimbia, nusu wamepewa bunduki. Wa pili alikuwa mzee wa Kiislamu, muuza vitenge vya Kigoma, ambaye hakuonja pombe hata siku moja. Alikuja na chai yake kwenye chupa. Nilipomuuliza anatafuta nini kwa walevi, alinijibu, "Nyumbani kwangu wote wananiheshimu. Nimechoka."

Tulikalia ubao wa behewa uliolazwa juu ya mawe mawili. Jiwe la upande wa mlango lilikuwa limesogea katikati, kwa hiyo aliyekaa mwisho ule alitegemea uzito wetu sisi wengine. Kabla ya kusimama tulikuwa tunaambiana. Ndiyo heshima pekee tuliyokuwa nayo.

Mchana mmoja akaingia kamanda wa waasi walioshika mji, na mlinzi wake nyuma. Miwani myeusi, buti mpya, manukato yaliyoishinda hata lutuku. Nadhani alikuja kusikia tunavyomsema.

"Karibu, Afande," Mama akasema. "Kikombe njo kile. Maji iko kule."

Mlinzi akanyoosha mkono akichukue. Mama akamzuia. "Hapana. Kila muntu anaosha yake."

Kamanda akaosha, kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Kisha akakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango, akaanza kutueleza jinsi alivyotukomboa. Alipofika katikati ya ukombozi, akakumbuka jambo.

"Nimeingia hapa, hakuna hata mumoja alisimama. Munajua mimi ni nani? Simameni."

Tukasimama, wote kwa pamoja, raia watiifu. Ubao ukainuka upande wetu, na mkombozi akalala chini chali, lutuku yote kifuani, miwani imening'inia sikio moja.

Kisha mtu akacheka.

"Nani amecheka?"

"Njo mimi, Afande," akasema yule mzee. "Na sijalewa. Mimi nakunywa chai."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama naye. Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa nimepiga magoti, nikimpangusa kamanda vumbi kwenye suruali na kusema pole, pole sana, bila kuombwa na mtu.

Kamanda akatoa hukumu: benchi limekamatwa, na aliyecheka alibebe kichwani hadi kambini, juu ya kilima. Ubao ule ulihitaji watu wawili. Prefe akamaliza kikombe chake, akakiosha, akashika upande wa pili. Wakatoka juani. Mama akanitazama, nami nikatazama mikono yangu.

Walirudi kesho yake mchana, viganja vimevimba, wamefyekeshwa majani ya kambi nzima. Benchi halikurudi. Nilisikia kwamba kamanda alilikalia ofisini kwake mpaka alipohamishwa, na kwamba wageni wake waliambiwa lilitekwa vitani.

Siku ile waliporudi, nilisita mlangoni. Mama alikuwa ametandika mkeka.

"Ingia, Papa Brosi," prefe akasema. "Suruali yangu pia ina vumbi."

Waliniita hivyo, Baba Brashi, miezi mingi, hata mbele ya mke wangu. Kwenye terasi ya ziwa wangeninunulia bia na kunisengenya nikishatoka. Kwa Mama walinitukana usoni, kisha wakasogea nipate pa kukaa. Nikaosha kikombe, nikakaa.

Baadaye yule mzee akaniuliza kama nimepata habari za dada yangu aliyekuwa Kiambi, maana njia ilikuwa imefungwa tangu masika. Nikamwambia bado. Akafungua chupa yake, akanimiminia chai, ikachanganyika na lutuku iliyobaki. Ilikuwa mbaya sana. Niliinywa yote.