Kitambaa cha Mama Koku

Naandika haya nikiwa bado na aibu. Kiwandani kwetu Nyakato nilipewa kazi ya kujaribu programu mpya ya stoo kwenye kompyuta tatu za ofisi, nione inakwenda vipi kwenye kila moja. Ya Mama Koku, karani wetu mkongwe, niliijaribu Jumatatu mchana, yeye akiwa ameondoka asubuhi hiyo kwenda msibani Bukoba.

Nilikuta kitambaa chake cha kufuma kimekunjwa juu ya kiti. Nikadhani mfanya usafi amesahau kukirudisha juu ya mashine. Kwa adabu zangu nikaifunika mashine nacho vizuri, sanduku lote isipokuwa skrini, mbele mpaka nyuma, ndipo nikaanza kupima. Programu ilikwenda kama konokono, feni ikanguruma. Nikapima mara tatu, na kila mara ikazidi kuwa nzito. Nikaandika ripoti kwamba mashine imechoka, iondolewe, na Mama Koku atafutiwe kazi nyingine.

Alhamisi asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, hajui nilichomwandikia. Saa nne meneja akaisoma ripoti mbele ya wote.

Mama Koku akanigeukia taratibu. "Mwanangu, leo nimeikuta mashine imefunikwa. Ni wewe uliyeifunika?"

"Ndiyo, mama," nikajibu, nikingoja kushukuriwa.

"Mimi huifunika jioni, nikishaizima. Asubuhi nakitoa kitambaa, maana inapumulia kule nyuma."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Meneja alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa chini ya saini yangu: "Mtaalamu wa Kompyuta."