Mkono Uliokuwa Chini

Nilipouona upinde ule kwa mara ya kwanza ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango wa fundi, umefunikwa koti la mvua, nami nikajiuliza mtu mwema ana sababu gani ya kukifunika chombo cha kazi. Nilikuwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na siku hiyo nilikuwa nazunguka kuandikisha kaya za shamba la ujamaa. Mke wa fundi aliona macho yangu yalikoelekea. Akausukuma mlango taratibu hadi ukagusa ukuta, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikataa chai, na tendo la kuusukuma mlango nikaliweka moyoni.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya Magoma, pale msitu unapoanza. Watu walikuwa wameshuka kutoka vilima mbalimbali ili tuishi pamoja, na shamba la maharage la wote lililimwa kando ya msitu kwa kuwa ndipo palipokuwa na ardhi ya kutosha. Kila alfajiri pongo walitoka kichakani na kula majani machanga. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alikuwa na bunduki, lakini alikuwa na wilaya nzima ya kuhudumia. Kamati ikaamua tujitegemee: kila Jumamosi asubuhi tufanye msako, kundi moja likipiga madebe kuwafukuza wanyama vichakani, na wapiga mishale watano wakiwangoja njiani. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu.

Wapiga mishale wanne walikuwa na pinde za mkono. Wa tano alikuwa fundi. Alitoka upande wa Kigoma, alikuwa ametengeneza mitambo ya kiwanda cha chai huko Kwamkoro kwa miaka mingi, na kijiji kilikuwa kimempokea yeye na mkewe mwaka mmoja uliopita. Upinde wake aliutengeneza mwenyewe: bapa la springi ya lori lililolazwa juu ya kitako cha mti kama cha bunduki, na ugwe wa waya. Aliukanyaga kwa mguu, akauvuta ugwe kwa mikono miwili mpaka ukanasa kwenye pengo la chuma, na hapo ulikaa umevutika mpaka abonyeze kifyatulio. Watu waliuita bunduki ya waya.

Kiongozi wa wawindaji, ambaye sote tulimwita mghosi kwa heshima ya umri wake, hakuupenda hata kidogo. "Mimi nikivuta wangu, mkono unatetemeka, na kila mtu anaona kwamba natetemeka," aliniambia. "Ule wa mgeni hautetemeki. Utajuaje anawaza nini?"

Nilidhani ni wivu. Tangu fundi ajiunge nasi, shingo na kidari cha mnyama, ambavyo ni haki ya yule ambaye mshale wake umegusa kwanza, vilikuwa vimekwenda nyumbani kwake mara mbili mfululizo. Hata hivyo maneno yale yalinikaa moyoni.

Msako ulikuwa na desturi yake, ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Wapiga madebe wanapomaliza kichaka kimoja hulazimika kupita mbele ya wapiga mishale ili waende kingine. Hakuna anayesema neno, maana sauti ya mtu humgeuza mnyama. Mwenye upinde hushusha mkono wake wa kushoto, upinde ukaning'inia pajani, na hiyo ndiyo ruhusa. Mimi, kwa kuwa chuoni nilifundishwa kwamba jambo lisiloandikwa hupotoka, niliandika ubaoni kanuni tano za usalama na kuzisoma mbele ya wote. Ya tatu ilisema wapiga mishale wawe tayari kabla madebe hayajaanza kupigwa. Ya nne ilisema mtu asipite mbele ya mpiga mshale mpaka aone mkono umeshuka. Fundi aliniomba niirudie ya tatu. Niliirudia, huku nikijiambia kwamba huyu anatafuta mwanya.

Jumamosi ya tatu mshale ulimpata mtu.

Aliyepigwa alikuwa jirani wa fundi, mkulima wa makamo waliyekuwa wakitumia naye mfereji mmoja. Alikuwa akipita mbele ya fundi na debe lake chini ya kwapa. Nilisikia chuma kikilia, kisha debe likibingirika jiwe hadi jiwe kuelekea kijitoni. Mshale ulikuwa umeingia pajani. Tulimfunga kwa khanga ya mtu, tukambeba kwa machela hadi zahanati, na tabibu akasema kwa kuwa mfupa haukuguswa atapona. Fundi alitufuata nyuma njia nzima. Hakusema lolote, na kimya kile nilikihesabu dhidi yake.

Wiki mbili kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamegombania zamu ya maji mbele ya watu. Jirani alimkejeli: "Kwenu hakuna milima, bwana, utajuaje maji yanavyopita?" Fundi akamjibu, "Nitakufundisha yanavyoshuka." Watu walicheka siku ile. Sasa hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitangaza mkutano Jumatano, akasema wazi kwamba ikionekana ni makusudi, fundi na mkewe wataondoka kijijini kabla ya mavuno. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi niliagizwa kuchunguza na kuleta maandishi.

Nilichunguza kwa bidii ambayo leo siipendi. Niliandika maneno ya mfereji. Niliandika kwamba mgomba ulio nyuma ya nyumba ya fundi una matundu ya mishale. Niliandika kwamba alikuwa amesogea hatua tatu kutoka mahali mghosi alipompanga. Nilipita nyumba hata nyumba nikiuliza maswali ambayo majibu yake niliyataka, na nikayapata.

Jumapili nilikwenda zahanati. Nilimwamkia mgonjwa, nikamwuliza kama aliitii kanuni ya nne.

"Niliitii, mwalimu. Nilimtazama mkono. Ulikuwa chini, na upinde ulikuwa pajani. Nikapita."

"Una hakika ulikuwa chini?"

"Kama mkono wangu huu ulivyo chini."

Nikashusha pumzi. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili: alishusha mkono ili amwite mwenzake mbele, kisha akafyatua. Niliandika sentensi hiyo hiyo na kuipigia mstari.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda kwa fundi. Alikuwa na umri wa kuwa baba yangu, na siku zote nilimwamkia shikamoo. Siku hiyo sikumwamkia. Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kurudishiwa kitu, kisha akanipa kigoda. Nikamwomba anionyeshe upinde.

Aliutoa nyuma ya mlango, akalivua koti. Nikamwuliza kwa nini anaufunika. Akasema waya ukipata unyevu wa milima hii unashika kutu, na kutu hukata bila kutoa taarifa. Alisema hivyo kwa utulivu, jinsi alivyokuwa akieleza mambo ya mashine. Kisha akaukanyaga, akavuta, chuma kikalia. Hakuweka mshale. Alinyoosha mgongo, akashusha mkono wa kushoto, akauacha upinde ukaning'inia pajani.

"Nitazame, mwalimu. Mkono uko wapi?"

"Chini."

"Na ugwe?"

Ugwe ulikuwa umevutika mpaka mwisho. Alipiga kitako kwa kiganja, si kwa nguvu, kama mtu anayepangusa vumbi. Waya ukafyatuka, na mlio wake ukawatimua kuku uani.

"Niliposogea kuwapisha nilijikwaa," alisema. "Kitako kikagonga jiwe. Wenzangu wa pinde za mkono wakiambiwa wawe tayari, wanashika mshale vidoleni. Mimi tayari yangu ni hii. Siwezi kuuvuta wakati pongo ameshatokea, atasikia chuma. Nilikuomba uirudie kanuni ya tatu. Uliirudia vile vile."

"Ungesema."

"Ningesema mbele ya nani? Nikisema siwezi, wataniambia mgeni hataki kanuni za kijiji."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na chungio la chai mkononi. Hakunikaribisha chai safari hii.

Nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimeliandika popote. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla ya madebe kuhamia kichaka cha pili, nilipita kwa kila mpiga mshale kuhakikisha kanuni zimefuatwa. Nilisimama mbele ya fundi. Niliuona ugwe umevutika na mkono umeshuka, nikaridhika, maana niliona kanuni mbili zimetimizwa na mtu mmoja. Kisha nikawageukia wapiga madebe, nikawaonyesha kwa kidole: huyu ameshusha, piteni.

Jumanne nzima sikufundisha vizuri. Maandishi yangu yalikuwa kurasa sita, na kila ukurasa ulikuwa umejaa ukweli uliopangwa vibaya. Jumatano niliingia mkutanoni nayo, nikaomba nisiyasome. Nikaeleza desturi ya mkono, nikaeleza upinde, nikaeleza kidole changu. Nikasema mshale ulitoka kwa fundi, lakini mtu alipelekwa mbele yake na mimi.

Kisha mmoja nyuma akauliza mwalimu amekula kidari kwa fundi mara ngapi, na kicheko kikazunguka chumba. Kilikuwa kicheko chembamba, cha watu wanaotazamana. Mghosi hakucheka. Alisema tangu mwanzo hakuupenda upinde ule kwa kuwa hausomeki, na kwamba sasa anaona hata kanuni hazikusomeka. Mwenyekiti akaamua fundi abaki na shamba lake, upinde wa kitako usiingie tena msakoni, na kanuni zangu zifutwe ubaoni.

Nilitegemea kwamba ukweli ukishasemwa, mambo yatanyooka. Kwa wiki kadhaa watu walinyamaza nilipofika kisimani, na mzazi mmoja aliniuliza kama ninachofundisha watoto nimekihakikisha.

Msako uliofuata fundi alikuja na debe. Upinde wake alikuwa ameuvunja, springi akaitia kwenye mhimili wa toroli la kijiji. Nilikuwa nimesimama njiani karibu na mghosi, nikiwa na daftari la mahudhurio. Kundi la madebe lilipomaliza kichaka cha kwanza lilitukaribia, na wote wakatazama mkono wa mghosi. Ulikuwa chini. Wakapita.

Fundi alisimama. Alitazama mikono yangu, wa kushoto, kisha wa kulia. Niliweka daftari majanini.

"Shikamoo," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwalimu," alijibu, na ndipo akapita.