Vizazi Vinne vya Uwineza

Mwalimu Mukankusi alifundisha darasa la kwanza kule Giheke, kilima kimoja cha Rwanda karibu na mpaka wa Kongo, na ungempa watoto sabini na chaki moja asingelalamika. Angekuomba tu kitambaa cha kufutia ubao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Asubuhi watoto walisoma silabi, ba, be, bi, bo, bu, mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kuitikia. Kisha walihesabu kwa vijiwe, kila mtoto na vijiwe vyake ishirini ndani ya kopo, na siku zote alikuwepo mmoja aliyebaki na kumi na tisa akamtazama mwenzake wa benchi kwa jicho baya.

Mwalimu mwenyewe alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwaka wa hamsini na tisa, naye mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne alirudi nchi ambayo hakuwahi kuiona, na godoro moja na sufuria mbili. Watu wa kilimani walimwita Mukongomani, nusu utani na nusu si utani. Alicheka nao. Hakuwa na jamaa pale, hakujua nani ni shemeji wa nani, na kuuliza aliona haya.

Baba yake, Mzee Védaste, alikuwa fundi viatu Bukavu. Kila jioni kabla ya chakula aliwasimamisha watoto wake wataje baba, babu, baba wa babu, hadi kizazi cha saba, kama desturi ya Wanyarwanda ilivyo. Aliyekwama alipakuliwa mwisho. "Shamba hatuna, ng'ombe hatuna," alikuwa akisema, "hawa ndio mali yetu." Mzee huyo alizikwa ugenini, lakini binti yake alirudi na majina saba kichwani, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna somo bora ambalo mtoto anaweza kupewa nyumbani.

Basi mwaka 2000, mvua zilipokolea, aliwaambia watoto: silabi na hesabu nitawafundisha mimi, lakini wazee wenu mtafundishwa na wa kwenu. Kila mmoja ajifunze vizazi vinne. Ijumaa atasimama mbele ya wenzake avitaje.

Vizazi vinne! Katika kilima ambako baadhi ya watoto hawakuwa hata na kizazi kimoja cha kuwapikia uji! Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kule ugenini majina yale yalikuwa faraja, na Mukankusi alidhani faraja hubaki faraja popote uendapo nayo.

Jumatano, watoto walipokwisha kutoka, alikuja Odette, mjane aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kiswahili alikiokota kwenye masoko ya Bukavu, na akiwa na Mukankusi alipenda kukisema, hasa alipokuwa na jambo asilotaka kila mpita njia alielewe.

"Mwalimu, ile kazi ulipatia batoto, unisaidie. Uwineza asiseme."

"Juu ya nini, Maman Uwineza? Ule mutoto iko na akili mingi."

Odette aligeuka kutazama mlangoni. "Si miye nilimuzaa."

Akasimulia akiwa amesimama, beseni lake bado kichwani. Mumewe Harelimana na watoto wao wawili waliuawa mwaka wa tisini na nne. Miaka miwili baadaye, kambi za Kongo zilipovunjwa na vita, wakimbizi walirudi kwa maelfu kwa barabara ya Kamembe, mji wa mpakani, ipitayo chini ya kilima, naye alisimama pembeni akiwatazama.

"Nilimukuta ku njia. Alikuwa anaikala ku mukeka, peke yake. Nikangoja naye mpaka magaribi. Hakuna muntu alirudi."

Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi, na alipoulizwa jina alilia tu. Odette akambeba mgongoni, akamwita Uwineza.

"Hajue kitu. Ananiita Maman. Nilisema nitamuelezea akikomaa. Sasa akiniuliza ba baba yake, nitamupatia ba nani? Akijua leo atanitoka, Mwalimu. Na miye sina mwengine."

Hapo ndipo Mukankusi angeweza kusema, achana nayo, mama, kazi hii naifuta kwa wote. Maneno yalikuwa mepesi na mdomo alikuwa nao. Lakini alijibu kama binti wa Védaste.

"Umupatie ba kwa bwana yako. Mutoto ni wa ule mwenye kumulea. Umufundishe Harelimana na baba yake, na babu yake. Nani atakukatalia?"

Odette alishusha beseni chini, akalia. Lilikuwa jambo alilolitamani miaka minne bila kuthubutu: kumpa mumewe marehemu mtoto. Alirudi nyumbani karibu akikimbia, na jioni ile, wakichambua maharage, alipanga punje nne mbele ya Uwineza, kila punje na jina lake. Mtoto alikamata yote kabla maji hayajachemka. Akayarudia akiwa anakwenda mtoni, akayarudia akifukuza kuku.

Ijumaa ikafika. Watoto walisimama mmoja mmoja. Mmoja alitaja majina mawili akakaa. Mwingine alimtaja shangazi yake kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtaja. Wa tano alivuta tu upindo wa shati, na Mukankusi akamwambia, "kaa, mwanangu." Alianza kuelewa alichokifanya. Angesimamisha pale pale, lakini Uwineza alikuwa tayari mbele, miguu imebanana, uso unang'aa.

"Miye ni Uwineza wa Harelimana, wa Ndagijimana, wa Sebahire, wa Gatwa!"

Darasa likapiga makofi. Mukankusi naye akapiga, kwa shukrani, maana angalau hiyo ilikuwa furaha. Ndipo Shema, mwana wa Kamali, aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, hao ni ba kwetu."

Hakuwa mtoto mbaya. Jana yake tu baba yake alikuwa amemfundisha: Shema wa Kamali, wa Ndagijimana, wa Sebahire, wa Gatwa. Kamali na Harelimana walikuwa ndugu tumbo moja. Mtu yeyote aliyezaliwa kilima kile angelijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani. Mukankusi hakujua, na Odette katika furaha yake hakukumbuka kumwambia.

"Vizuri, Shema," alisema haraka. "Basi nyinyi ni bandugu. Ukae."

Shema alitikisa kichwa. Alifundishwa shuleni kwamba jibu lisilo sawa hurekebishwa, na alilirekebisha. "Hapana, Mwalimu. Papa alisema Harelimana hakubakisha mutoto. Uwineza, balimuokota ku njia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Uwineza alimtazama mwalimu, akingoja akanushe, na mwalimu akageuka kufuta ubao. Mtoto akarudi kwenye benchi. Akatia vijiwe vyake ndani ya kopo kimoja kimoja mpaka vikaisha, kisha akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Jumamosi Mukankusi alikwenda kwa Odette kuomba msamaha. Alijiandaa kutukanwa, na angefurahi kutukanwa. Odette alimpa kiti.

"Ameniuliza, nimemuelezea yote," alisema. "Akauliza kama maman yake alikufa. Nikasema sijue. Mungu wangu, juu ya nini sikusema alikufa? Lakini sijue, Mwalimu. Nilikuta mukeka na mutoto, basi. Akauliza tena mukeka ulikuwa upande gani ya barabara. Nikaenda kumuonyesha."

Uwineza alikuwa nyuma ya nyumba, anapepeta maharage. Hakuja kusalimu.

Jumatatu alirudi darasani, akasoma, akahesabu. Lakini Alhamisi hakufika, na Alhamisi iliyofuata hakufika. Mukankusi hakuhitaji kuulizia. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya malori yaliyoleta watu waliokuwa wakirudi kutoka Kongo, wale waliobaki msituni miaka yote ile ya vita. Alhamisi ya tatu alimwachia mwalimu wa darasa la pili watoto wake, akateremka hadi barabarani.

Aliwakuta kwenye kona, pale malori yanapopunguza mwendo. Uwineza alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na Odette kando yake, amemshika mkono, beseni la sambaza liko chini limejaa, halijauzwa hata kidogo. Lori lilikuwa linapanda. Nyuma yake walijazana wanawake wenye vumbi hadi kwenye nyusi, waliokonda, wakiitazama nchi yao kana kwamba wameazimwa tu.

"Ule wa kitambaa cha bluu," Odette alikuwa akisema, "umuangalie muzuri. Masikio yake iko kama yako. Na ule anabeba mutoto? Uite, asikie sauti yako. Uite na nguvu!"

Kila uso aliouonyesha kwa kidole ungeweza kuwa wa mwanamke atakayeshuka na kumchukua mtoto wake wa pekee, naye aliuonyesha hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka hata mmoja. Lori likapita. Hakuna aliyegeuka.

Mukankusi alisogea. "Odette," alisema, "unisamehe."

Odette hakumgeukia. Macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Kamembe, ambako lori jingine lilikuwa linaguruma.

"Mwalimu, wewe usimame upande ule," alisema. "Ni mingi, hizo sura. Peke yangu siwezi kuziangalia zote."

Mukankusi akavuka barabara.