Bi Nusra na Siku Saba za Kipimajoto

Saa moja na robo asubuhi, mtaa wa Mkomani, Lamu, na Bi Nusra Bakr amekwisha panda ngazi za nyumba hii ya mawe mara nne. Afungua dirisha, atazama kipimajoto ukutani, ashuka. Punde yuko juu tena.

"Ishirini na saba," asema. "Haijazidi. Lakini jua nalo bado."

Kwa miaka kumi na tisa, mama huyu wa miaka 46 ameitunza nyumba hii, ambayo sasa ni ofisi za kupangisha. Kampuni ya bima kutoka Mombasa inaitaka ghorofa ya juu kwa miaka mitano, kwa kodi nono, mradi nyumba ipate cheti cha jengo linalotunza mazingira. Isipopata, mwenye nyumba ataiuza, na mshahara wa Bi Nusra, shilingi 18,000 kwa mwezi, uende nayo.

Na cheti nusura akipoteze kwa mkono wake. Mkaguzi, Bwana Kirimi, alipokuja mara ya kwanza, Bi Nusra alifanya wafanyavyo watu wa Amu: mgeni huwekwa raha. Akaazima mashine ya baridi hotelini, akafunga madirisha yote, akaiwasha tangu alfajiri.

"Nilidhani namuenzi mgeni," asema, akificha uso kwa ncha ya leso. "Kumbe naizika nyumba."

Kirimi alimwambia kwa upole kwamba amekuja kupima nyumba, si mashine. Kuta nene za matumbawe na hewa ipitayo yenyewe ndizo zenye alama za cheti. Akaacha vipimajoto kwa siku saba; joto lisizidi nyuzi ishirini na tisa. Sita zimepita salama; leo ndiyo ya saba.

"Upepo una ndia yake," Bi Nusra anung'unika, akisukuma kabati lililoziba njia ya upepo dirishani. "Wiki nzima chakula hakinipiti."

Saa nane mchana, jua la kuunguza. Kirimi amerudi, yuko juu akingoja kipimo cha mwisho. Bi Nusra ashindwa kuvumilia, apanda, asimama mlangoni.

Mkaguzi amesinzia kitini, kalamu mkononi, paji la uso kavu. Kipimajoto chasema ishirini na nane na nusu.

Ashuka taratibu, aketi. Cheti, asema, kitachukua wiki sita. Kikija, atamwomba mwenye nyumba mkataba wa kazi wa maandishi, kwani miaka yote hii hana.

"Lakini mgeni amelala," asema. "Wallahi, leo nitakula."