Sauti ya Mama Nyuma ya Kanisa

Mama alifariki nikiwa bado mdogo, na baada ya mazishi nikafyata ulimi. Shuleni, kwenye misheni moja upande wa Nyamira, wenzangu waliniita bubu. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, lakini likifika kooni linarudi lilikotoka. Niongee na nani, na aliyekuwa akinisikiliza hayupo?

Kisha akaja mwalimu kijana kutoka upande wa ziwa, mtu wa vituko. Jioni, tukimaliza kulima shamba la shule, alitukusanya nyuma ya kanisa tuigize michezo, tena kwa Kiswahili, maana Kigusii, lugha yetu, kilimshinda. Alichagua habari ya mwana mpotevu, akamwongeza mama. Tulipomwambia huyo mama hayumo kwenye Biblia, alituuliza, "Sasa mzee mwenye ng'ombe wote wale, nani alikuwa anampikia?" Shule ilikuwa ya wavulana tu na hakuna aliyetaka kuwa mwanamke. Basi bubu akapewa.

Hata leo sijui ilikuwaje. Nilijifunga leso kichwani, nikashika kiuno, nikafungua mdomo kumgombeza mwanangu, akatoka mama. Mama hakujua Kiswahili, lakini alikuwa ndiye: hasira ikizidi, sauti inashuka badala ya kupanda, halafu katikati ya maneno makali kicheko kinamponyoka puani. Nilisimama pale nikimsikiliza. Nilikuwa nimemlilia muda wote huo, kumbe ninaye kifuani.

Nikawa mtu mwingine. Darasani nilinyoosha mkono, na aliyeniita bubu nilimjibu mpaka akatafuta pa kukimbilia. Kila jioni nilikuwa wa kwanza kufika nyuma ya kanisa. Wenzangu walidhani napenda mchezo. Mimi nilikwenda kwa mama.

Siku ya kufunga shule wazazi walialikwa, na baba akaja. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwa hiyo Kiswahili alikielewa. Mwana mpotevu aliporudi nyumbani, nilimwendea nimeshika kiuno, nikaanza kumgombeza kwa ile sauti ya chini. Watu walicheka. Kicheko kiliponiponyoka puani, baba aliinuka. Alipita katikati ya watu, akanivua leso, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye benchi.

Tulipokaribia nyumbani alisimama njiani.

"Mama yako tulimzika vizuri," alisema. "Mwache alale. Ukimwita hivyo atakuja, na akija hataondoka peke yake."

Sikubishana. Kwetu aliyekufa haitwi kwa mchezo, na baba alikuwa na watoto wengine wa kuwahofia. Lakini niliumia, niliumia sana. Kwangu ilikuwa kama tumemzika mara ya pili, na safari hii nimeshika jembe mwenyewe.

Sikurudi nyuma ya kanisa. Baadaye sauti yangu ikawa nzito, kama ya kila mvulana, na siku niliyothubutu kumjaribu mama nikiwa peke yangu kwenye migomba, hakuna aliyetoka.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa mwalimu mwenyewe, mtu wa kuongea kutwa nzima. Asubuhi moja nilimtoa nje aote jua. Akasema bila kunitazama, "Ile sauti uliyoifanya shuleni. Ifanye."

"Baba, si uliikataza?"

"Niliikataza. Sasa naenda kwake, na nimesahau alivyokuwa anaongea."

Nikasimama mbele yake, mtu mzima na masharubu yangu, nikashika kiuno. Nilianza kugomba, nikaishusha sauti, nikakilazimisha kicheko kitoke puani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akaunyoosha mkono na kunivuta taratibu nikae karibu naye.

"Huyo si yeye," alisema.