Chupa Zilifika Bagamoyo

Maziwa ya Kinyala ni mazito kiasi kwamba nzi akitua juu yake anatembea mpaka ukingoni bila kulowa miguu, halafu anarudi kumwita mkewe. Anayebisha aje aonje. Ndiyo maana hasira ya Tulinagwe haikuwa ya mchezo.

Alizaliwa Kinyala, akaolewa Kinyala, akamzika mume wake Kinyala. Miaka yote hiyo aliyaona maziwa yakishuka kilima kwenye madumu, yakimiminwa kwenye gari la boza, yakiondoka mabichi kwenda mbali. Siku moja akayakuta dukani Makandana ndani ya pakiti, yamevishwa picha ya ng'ombe mnene aliyesimama kwenye majani.

"Huyu ng'ombe wa wapi?" akauliza.

"Wa kiwandani, mama," akajibu muuzaji.

"Kiwandani kuna majani?"

Muuzaji akacheka. Tulinagwe hakucheka. Aliuza mtamba wake, akamtafuta Jaffari, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Ninasema Bagamoyo yetu, ile ya Tukuyu mjini yenye maduka na mafundi cherehani, si ile ya baharini. Lishike vizuri hilo jina, maana ndilo lililoleta balaa.

Wawili hao wakanunua nusu kwa nusu mashine ya kuchemshia maziwa, chuma kitupu, tumbo kama la mjamzito wa mapacha. Wakaiweka kwenye banda uani kwa Tulinagwe. Ukatoka mtindi ambao mzee Erasto alipokunywa glasi moja tu alianza kuposa upya, na mke wake yuko palepale jikoni anamsikia!

Mtindi ulipendwa. Shida ilikuwa mengine yote. Mpira wa mashine ukikatika, unatafutwa Dar. Fundi, anatoka Dar. Vifuniko, Dar. Na siku Fuso la kwanza la chupa lilipofunguliwa mlango, Tulinagwe alichungulia akadhani ameona vibaya.

"Ndani ya hizi chupa kuna nini?"

"Hamna kitu, mama," akasema utingo. "Hewa tu."

"Mnatuletea hewa kutoka Dar? Kuja Kinyala, ambako upepo unaezua mabati?"

Jaffari ndiye aliyechoka kwanza. Akaja na habari ya mtu anaitwa Nelson, wa Dar, anayeitaka mashine, na Tulinagwe akipenda aende nayo akafanye kazi hukohuko.

"Mama, kule chupa zinatengenezwa mtaa wa pili," akasema, wakiwa dukani kwake. "Vifuniko mtaa wa tatu. Fundi anakuja kwa miguu na ndala zake. Ndiyo maana viwanda vyote viko kule. Kimoja kikikaa, kinamvuta mwenzake."

"Na ng'ombe wako mtaa wa ngapi?"

Jaffari akajifanya anapanga sabuni kwenye rafu.

Tulinagwe hakuwa mjinga, alielewa. Bibi yake alimsimulia kwamba zamani vijana wa rika moja walihama kwa baba zao wakajenga kijiji chao, nyumba kwa nyumba. Aliyejitenga akajenga peke yake, moto wake ukizima asubuhi hakuwa na wa kumwomba kaa. Basi viwanda navyo ni hivyohivyo, vimejenga pamoja vinaombana moto, na hiki cha kwake kimekaa kilimani kama mseja. Lakini nani alisema kila rika lazima lijenge kando ya bahari? Hapo ndipo roho ilipomchoma.

"Sikia, mama," Jaffari akasema. "Maduka ya Mbeya yanautaka mtindi Jumamosi hii, na chupa nimeshaagiza. Zikifika Bagamoyo kabla ya Jumamosi, mashine inabaki, sitamtaja Nelson tena. Zisipofika, namwambia alete gari."

"Zikifika Bagamoyo, mashine inabaki?"

"Wallahi."

Wakashikana mikono. Safina, mke wa Jaffari, alikuwa anapima mchele akasikia yote.

Ikaja Jumatano, chupa hakuna. Alhamisi, hakuna. Mtindi umeshaganda unangoja. Tulinagwe akampigia simu wakala wa mizigo kule Dar.

"Mzigo wenu tulishaushusha jana, mama. Uko Bagamoyo."

"Bagamoyo ipi? Jaffari yuko dukani hajaona hata kifuniko!"

"Si hii ya huku Pwani?"

"Ya Tukuyu, baba! Tukuyu!"

"Aisee, na Tukuyu kuna Bagamoyo? Sisi tuliona imeandikwa kiwanda cha mtindi, Bagamoyo. Tukajua kiwanda kitakuwa cha huku tu. Huko kwenu si mashamba?"

Tulinagwe aliishika ile simu kama anayemshika mwizi wa kuku shingoni. Si mashamba! Yaani mtu akisikia neno kiwanda, akili yake inageuza gari yenyewe kuelekea baharini!

Gari la kuzileta halikupatikana, Jumamosi ikapita. Mbeya wakanunua kwingine. Mtindi ukagawiwa kwa ndoo, mpaka mbwa wa Kinyala wakanenepa wakashindwa kubweka, wakawa wanakohoa tu.

Wiki iliyofuata, Fuso la Nelson likaja. Lilipita Tukuyu, likapanda matope yote ya Kinyala, likasimama mbele ya banda bila kuuliza njia hata kwa mtoto. Dereva, kijana anaitwa Fred, akashuka. Jaffari na Safina wakafika nyuma yake kwa bodaboda. Tulinagwe alikuwa amekaa juu ya ndoo, mlangoni kabisa, na majirani wamejaa uani.

"Ugonile, baba," Tulinagwe akamsalimia Kinyakyusa. "Hapa umepajuaje?"

"Nimeelekezwa, mama. Bagamoyo ya Tukuyu, halafu Kinyala."

"Mmesikia?" Tulinagwe akawageukia majirani. "Gari la kuchukua linatujua! La kuleta ndilo linalopotea!"

Fred akainamisha kichwa. "Mama, zile chupa hata mimi roho inaniuma. Wakala alinikodi mimi na gari hilihili, nikazishusha kwa mikono yangu."

"Ulizishusha wapi?"

"Bagamoyo."

"Lini?"

"Jumatano ile."

Tulinagwe akasimama polepole, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki wenzake wakione. "Jaffari, mwanangu. Tulipatana nini?"

"Chupa zifike kabla ya Jumamosi."

"Zifike wapi?"

"Si Bagamo..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Safina ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza. "Baba Ramadhani, umenasa! Nilikuwepo. Hukusema Bagamoyo ipi!"

"Hiyo si haki, mama," Jaffari akalalamika.

"Haki? Leo ndiyo unaijua haki?" Sauti ya Tulinagwe ilifika mpaka ng'ambo ya bonde. "Maziwa ya ng'ombe wangu yakifika huko yanaitwa ya huko. Chupa zangu zinalala huko. Mpaka jina la mtaa wako, wakilisikia, wanadhani ni lao! Basi leo limenifaa mimi. Mashine haitoki."

Jaffari aliwatazama majirani, akamtazama mkewe, akaona hana pa kushika. Akacheka kwa shingo upande. "Haya. Nimeapa. Inabaki."

Fred akapewa mtindi kwenye jagi, akaumaliza amesimama. Akafuta mdomo, akauliza, "Kwani kwa nini mnaleta chupa zilizokwisha kupulizwa? Kabla hazijapulizwa ni vijiti, kama vidole. Viroba vichache vinatoa chupa za gari zima. Mnapulizia hapahapa."

"Hewa si tunayo," akasema Tulinagwe.

"Hiyo mashine ya kupulizia inakula nafasi gani?" Jaffari akauliza, na masikio yake ya biashara yameshasimama.

"Chumba kimoja, kaka."

"Stoo ya mchele ipo," akadakia Safina.

Tulinagwe akaligonga tumbo la mashine kwa kiganja. "Umesikia, mseja? Mwenzako anakuja kujenga."

Fuso likashuka kilima tupu, mlango wa nyuma unapigapiga, limebeba hewa ya Kinyala mpaka Dar es Salaam. Na hiyo hawakuilipia.